Wadudu Elfu Kumi wa Daktari Sharubati

Sharubati alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shavu la kulia limeshanyolewa na la kushoto bado lina ndevu na povu, alipoiona riziki yake ikipita kwenye kioo. Riziki hiyo ilikuwa na miguu minne na ilikuwa imejaa nzi.

Alikuwa farasi jike mweupe aliyefungwa gari la harusi, gari lenye mapambo mpaka kwenye magurudumu. Nzi walikuwa wamemjaa machoni, puani na kwenye pembe za mdomo. Alitikisa kichwa, akapiga kwato, akajizungusha katikati ya barabara, na gari likazunguka naye. Bwana harusi akachomoka kitini na kutua mtaroni, ua lake bado liko kifuani. Bibi harusi alichungulia, akaona mumewe anapumua, akarekebisha shela yake. Nyuma yao alikimbia mwanamume mfupi, mikono miwili kichwani.

"Gurudumu langu," alilia yule mfupi. "Jamani, angalieni gurudumu langu."

"Huyo ndiye Birika, mwenye zizi la farasi," alisema kinyozi. "Mkono wake ndio uliompa jina. Tangu nimfahamu sijamwona akitoa kitu mfukoni isipokuwa leso, na leso yenyewe huirudisha."

Kinyozi huyu alikuwa na desturi ya kufutia wembe kwenye magazeti ya zamani, na nusu ya ukurasa mmoja ilikuwa imebaki magotini mwa Sharubati. Ilieleza habari za nyigu fulani, wadogo kuliko punje ya ufuta, wasiomuuma mtu wala mnyama. Kazi yao ni kutaga mayai ndani ya vile vijiganda ambamo funza wa nzi hujifunga akisubiri kuota mabawa. Anasubiriwa nzi, anatoka nyigu. Wafugaji wa farasi wa nchi za mbali, lilisema gazeti, huwanunua kwa maelfu. Nusu ya pili ya habari ilikuwa imeshaondoka na povu la mteja aliyetangulia, lakini Sharubati hakuihitaji. Alikuwa ameshasoma kwamba wadudu hao hawaonekani kwa urahisi na kwamba watu huwanunua, na katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na bidhaa yenye sifa hizo mbili kwa pamoja.

Akasimama, akajifuta povu.

"Bado nusu," alisema kinyozi.

"Nitunzie."

Hapa lazima tumtendee haki mtu huyu, maana hakuwa tapeli wa kubahatisha. Jina la Sharubati alipewa kwa utamu wa ulimi, na kwa huo ulimi alikuwa amekula, amevaa na kupanga vyumba kwa miaka ishirini bila kushika kazi hata siku moja. Siri yake ilikuwa masharti. Aliwahi kuuza dawa ya upara kwa sharti kwamba mteja asipige chafya siku saba. Aliwahi kuuza maji ya kumrudisha mume nyumbani kwa sharti kwamba mke asimfikirie mumewe wakati wa kuyanywa. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kudai chochote. Kila mmoja alijua moyoni kwamba kosa ni lake, na wawili watatu walirudi kuomba radhi.

Zizi la Birika lilikuwa nyuma ya soko la mbao: mabanda kumi na mawili, ua wa matope, ghala la chakula cha farasi, na samadi iliyotapakaa kila mahali kwa uhuru kamili. Nzi walivuma mpaka mtu alilazimika kupaza sauti. Sharubati alimkuta Birika akimfokea mwanamke mrefu aliyekuwa akimpiga brashi yule farasi mweupe.

Mwanamke huyo alikuwa mdogo wa marehemu mke wa Birika. Alikuja kwa ajili ya msiba miaka kumi na mmoja iliyopita, siku ya tatu akapewa ufagio, na mpaka leo alikuwa hajaurudisha. Birika alimwita Shemeji, wateja wakamwita Shemeji, hata mchukua taka alimwita hivyo hivyo. Kila alipogusia mshahara aliambiwa kwamba wao ni ndugu, na ndugu hawalipani. Alilala kwenye ghala la chakula. Angeshaondoka zamani kama si farasi yule, Pamba, aliyeletwa zizini wiki ile ile aliyoletwa yeye, akiwa kilema na mwenye hofu, naye Shemeji akamuuguza mpaka akasimama.

"Baada ya wiki tatu ni harusi ya binti wa mwenye kiwanda cha magodoro," alikuwa akisema Birika. "Farasi atasimama uani, hotuba zisomwe mpaka ziishe. Akirusha teke hata moja, Jumatatu nampeleka machimbo ya kokoto akavute mikokoteni. Wanaomba farasi kila siku."

"Huko farasi hamalizi mwaka," alisema Shemeji, na brashi ikasimama mkononi mwake.

"Basi asirushe teke."

"Huyo mnyama hana kosa," ilisema sauti mlangoni. "Wenye kosa ni nzi, na nzi ndio kazi yangu."

Birika akageuka. Aliona suti iliyopigwa pasi, mkoba, na uso wenye ndevu upande mmoja.

"Ndevu zako zimefanya nini?"

"Utafiti," alisema Sharubati kwa upole. "Upande mmoja wa binadamu, upande mmoja wa sayansi. Wadudu wangu wakimaliza majaribio nitanyoa. Mimi ni daktari wa wadudu wanaokula nzi."

Kuanzia hapo maneno yalitoka yenyewe. Aliwaeleza habari za nyigu kama lilivyoeleza gazeti, akaongeza chumvi pale gazeti lilipokatika, na Birika akabaki mdomo wazi mpaka nzi mmoja akaingia kuangalia. Lakini yalipotajwa malipo, Birika alikaa chini kwenye ndoo. Alitoa ahadi ya tandiko kuukuu, akaliona ni ghali, akatoa ahadi ya bata wawili, akamkumbuka mmoja kwamba anataga. Mwishowe macho yake yakatua kwa Pamba. Alikuwa amezeeka, alikula sana, na kumtoa hakukuhitaji kufungua pochi.

"Chukua huyu," alisema. "Baada ya harusi."

Sharubati hakujua hata farasi hufungwa upande gani. Lakini yeye alimjua vizuri mwenye machimbo ya kokoto, kwamba ni mtu anayetoa kitu kwanza na kuuliza maswali baadaye.

"Nakubali, kwa ajili ya sayansi. Nzi wakiondoka, farasi ni wangu. Lakini wadudu hawa wana masharti, na yakivunjwa watakufa, na hapo nitamchukua farasi kama fidia. Masharti yakitimizwa na nzi wasiondoke, sidai kitu."

Shemeji ndiye aliyetumwa kalamu aandike mkataba, maana mwandiko wa Birika hakuna aliyeweza kuusoma, hata Birika. Aliandika alichoambiwa. Samadi izolewe kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kunywa chai, mabanda yote, mpaka pembeni. Majani ya kulalia yakilowa yatolewe. Pasiwe na dimbwi hata la ukubwa wa sahani. Lundo la samadi liwekwe mwisho wa ukuta na lisiguswe, wala sumu isipulizwe popote.

"Wadudu hawa wana heshima zao," alisema Sharubati. "Wakikuta uchafu wanasusa."

"Na wakisusa?" aliuliza Birika.

"Wanakufa kwa aibu."

Shemeji aliinua kichwa. "Na wewe, Daktari, ukimpata Pamba utampeleka wapi?"

"Mahali penye hewa nyingi," alisema Sharubati, na kwa kweli machimbo hayana hata paa.

Kesho yake alileta makopo kumi yaliyofungwa kwa kitambaa, kila moja lina wadudu elfu, akawamwaga kwa heshima kwenye kona za mabanda. Birika alitazama, hakuona kitu, akaridhika. Daktari aliacha pia kioo cha kukuzia, kionekane tu. Kisha akaenda kwa mwenye machimbo, akamuahidi farasi, na siku hiyo hiyo akaondoka na pikipiki ya yule bwana ikiwa malipo ya mbele. Kilichobaki kilikuwa kungoja masharti yavunjike. Mtu kama Birika, alijua, asingeajiri mzoa samadi hata kama samadi ingemfika kidevuni.

Siku ya nne alipita kuomboleza wadudu wake. Ua ulikuwa umefagiliwa. Mabanda yalikuwa makavu. Shemeji alikuwa akisukuma toroli la mwisho, jasho linamtiririka, na Pamba alimfuata kwa macho.

"Nani amefanya haya?" aliuliza Sharubati.

"Mimi."

"Peke yako? Kumi na mawili?"

"Umesema kabla ya chai," alisema Shemeji. "Nimeacha chai."

Katika miaka ishirini Daktari hakuwahi kumwona mtu anayetimiza masharti. Alijikwaa makusudi kwenye ndoo ya maji, na dimbwi likakaushwa kabla hajamaliza kuomba radhi. Alirudi siku ya sita akaacha bomba linatiririka, likafungwa. Na ndevu zake, ambazo sasa hakuweza kuzinyoa kwa kuwa Birika alizikagua kila alipofika, zilimwasha upande mmoja kama adhabu ya nusu kosa.

Siku ya tisa, mchana kweupe, msomi huyu alionekana amechuchumaa nyuma ya ukuta akijaza mkoba wake samadi. Nia yake ilikuwa kuirudisha bandani, konzi kwa konzi, na kuita mashahidi.

"Daktari," alisema Shemeji nyuma yake.

"Sampuli," alisema Sharubati bila kugeuka.

"Umekuja wakati wake. Njoo uwaone." Alichuchumaa karibu naye na kile kioo cha kukuzia. "Hivi vijiganda vya kahawia. Kila kimoja kina kitundu ubavuni. Tazama hiki, anatoka sasa hivi. Mweusi, ana mabawa."

"Shemeji, acha mizaha," alisema Sharubati, akili yake yote iko kwenye mkoba. "Atoke nani? Zile zilikuwa pumba tu."

Mbali, farasi mmoja alikohoa.

"Najua ni pumba," alisema Shemeji. "Ni za ghalani kwangu. Nachanganya na punje za mtama, na mtama umeota kwenye kona zako. Ulizichota nilipokwenda kuleta kalamu. Nilichokuwa sijui ni kama na wewe unajua."

Shemeji akamsukumia kioo. Sharubati alichungulia ili apate pa kuweka uso, na akaona. Kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya ufuta, kilikuwa kikijivuta kutoka kwenye kijiganda, kikajisafisha miguu, kikaruka. Kingine kikafuata. Lundo zima, kila alipolitazama, lilikuwa na vijiganda vyenye matundu.

"Nani amewaleta?" alinong'ona.

"Hakuna. Nadhani wamekuwapo siku zote. Shemeji yangu alikuwa akiwapulizia sumu kila wiki, wakafa wao, nzi wakabaki. Sasa lundo limeachwa wametulia wanakula. Nami nazoa huku, wao wanamaliza kule."

"Kumbe nilisema kweli," alisema Sharubati, na tuseme ukweli, aliona uchungu kidogo, kama mtu aliyechafuliwa jina. "Basi mimi si tapeli."

"Wewe ni tapeli mwenye bahati. Sitamwambia mtu. Nzi wakiisha Pamba atatulia, na hilo ndilo ninalolitaka. Sasa rudisha hiyo samadi."

Aliirudisha. Akaenda zake akipiga mluzi, maana sasa nzi wangeondoka kweli na farasi angekuwa wake kihalali, jambo ambalo lilimpa kizunguzungu.

Wiki ya pili ilipokuwa ikiisha, mtu mnene mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi alikuja zizini na kamba. Alimpima Pamba kifua, akampima mabega, akafunga fundo mahali kipimo kilipoishia.

"Unampimia nini?" aliuliza Shemeji.

"Mikanda ya kuvutia mkokoteni. Mimi ndiye mwenye machimbo. Daktari ameshaniuzia."

Shemeji alisimama pale na beleshi lake mpaka yule mtu akaondoka. Siku kumi na mbili alikuwa ameamka alfajiri, viganja vimechubuka, ili farasi asipelekwe machimboni, na kila toroli alilosukuma lilikuwa limemsogeza huko huko. Alilia kidogo, akiwa ameegemea shingo ya Pamba. Kisha akafuta uso, akachukua ule mkataba, akausoma upya polepole, neno kwa neno, kwa kuwa ulikuwa mwandiko wake.

Harusi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Mwenye magodoro alihutubia mpaka wageni wawili wakasinzia kama watu wanaosifia bidhaa yake. Pamba alisimama uani hakutikisa hata sikio. Sharubati alikula sahani tatu, akapongezwa na watu wanne, akapanda pikipiki kurudi kwake, na kwenye daraja la mfereji wa maji machafu nzi akamwingia jichoni. Huyo hakuwa nzi wa Birika, maana kwa Birika hapakuwa tena na nzi. Daktari alitoka mferejini kwa miguu yake. Pikipiki haikutoka.

Jumatatu asubuhi aliwasili zizini kwa miguu, viatu vinalia maji. Mwenye machimbo alikuwa ameshafika na ile mikanda begani. Birika alishika kamba ya Pamba, uso umemkunjuka kwa furaha ya chakula ambacho hatanunua tena.

"Mkabidhi," alimwambia Shemeji.

"Nitamkabidhi," alisema Shemeji. "Lakini wadudu je?"

"Wamefanya nini?"

"Wamehamia kwa Pamba. Nzi wamewaishia mabandani, wakamfuata waliyemzoea. Wako hapa kwenye manyoya ya shingo. Walikuwa elfu kumi, nadhani sasa ni laki."

Alitenganisha manyoya. Birika alichungulia na kioo, hakuona kitu, na hilo likamthibitishia kila neno.

"Ni kweli, Daktari?"

Wote wakamgeukia Sharubati. Akisema si kweli, ingebidi aeleze wadudu wako wapi, na makopo yalikuwa na nini. Alimtazama Shemeji. Shemeji alimtazama vile vile, kwa adabu.

"Ndiyo tabia yao," alisema Sharubati.

"Basi farasi hatoki," alisema Birika na kuivuta kamba. "Akitoka nzi wanarudi."

"Laki?" alisema mwenye machimbo. Alikuwa mtu aliyezoea baruti, lakini tayari alikuwa akijikuna kiwiko. "Mimi sitaki mnyama wa wadudu kwangu. Nirudishie pikipiki."

"Pikipiki imelowa," alisema Sharubati.

"Imelowa wapi?"

"Kwenye mfereji. Yote."

Mwenye machimbo aliacha kujikuna. Akamwangalia Daktari kifua, akamwangalia mabega, akainyoosha ile kamba yenye fundo.

"Mikokoteni yangu haichagui," alisema. "Mabega unayo."

Shemeji alimsogelea Sharubati na kusema kwa sauti ya chini, "Mkataba unasema Pamba ni wako. Niandikie mimi, nami nitakutafutia njia usiende machimboni."

Sharubati hakuwahi kuandika kitu haraka namna ile. Aliandika nyuma ya mkataba, akatia sahihi, akataka hata kuweka dole gumba. Shemeji alisoma, akaukunja, akauweka kifuani.

"Pamba ni wangu sasa," alimwambia Birika. "Naondoka naye leo."

Birika aliitafuta ile ndoo yake, akaikalia. "Shemeji, mimi na wewe ni ndugu."

"Ulisema ndugu hawalipani. Mimi nataka kulipwa, basi tuwe watu baki." Maneno hayo alikuwa ameyabeba miaka kumi na mmoja. "Nataka mshahara kila mwezi, na chumba chenye dirisha. Pamba asifungwe tena gari la mtu. Na apatikane mzoa samadi. Hapo tutabaki, mimi, yeye na wadudu."

"Mzoa samadi nitamtoa wapi?" alilia Birika. "Nimlipe na yeye?"

"Wadudu wamezoea harufu ya Daktari. Asipozoa kwa mikono yake mwenyewe, kila asubuhi kabla ya chai, watasusa."

Birika akamgeukia Sharubati na macho ya mtu anayezama. "Ni kweli hilo nalo?"

Sharubati aliangalia lango. Mwenye machimbo alikuwa amesimama katikati yake, mikanda imefunguliwa, tayari kwa kujaribishwa. Ulimi uliomlisha miaka ishirini ukageuka mara mbili mdomoni, ukatafuta pa kutokea, ukakosa.

"Ni kweli," alisema. "Hawawezi kuishi bila mimi."

"Nitapita kila Jumamosi," alisema mwenye machimbo akikunja kamba yake. "Siku nitakayokukosa hapa, nitajua umeamua kuja kwangu."

Shemeji alileta beleshi, lenye mpini uliolainika kwa viganja vyake, akampa Daktari kwa mikono miwili. Sharubati alilishika juu chini. Akaligeuza.

"Na siku ya mapumziko ni ipi?" aliuliza.

"Wadudu hawapumziki," alisema Shemeji. "Anza na banda la Pamba."

Akaingia. Pamba, ambaye sasa hakuwa akienda popote, alimtazama mtumishi wake mpya, akainua mkia.